Nyuso za watu tunaowajua, bila majina yao

Nauza rangi Darajani, mjini Zanzibar. Si rangi za picha, ni za nyumba: rangi ya maji kwa kuta, rangi ya mafuta kwa milango na madirisha, tina, msasa, brashi za kila upana. Lakini wachoraji nao ni wateja wetu, na ukikaa dukani muda unamjua mchoraji kwa anachonunua. Wanaochorea wageni huchukua makopo madogo ya rangi ya mafuta, nyekundu, manjano, buluu ya bahari, na karatasi ya hadibodi ambayo huikata wenyewe. Wengine, nao ni wachache, huzunguka dukani kwanza. Huulizia kahawia isiyoelekea wekundu. Hufunguliwa kopo wakachovya ncha ya kidole, wakajipaka mgongoni mwa mkono, wakaenda mlangoni penye jua kutazama, wakatikisa kichwa, wakaondoka hawakununua kitu. Bosi wangu huwachukia. Hao ndio wanaochora watu.

Mmoja wao ni kijana wa Wete, Pemba, anayekaa sasa Ng'ambo, ule upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, kakodi chumba kimoja ambacho nusu ni kitanda na nusu ni kanvasi. Ndiye aliyekuja kuniambia kuna maonesho Mji Mkongwe, darini kwenye nyumba moja ya zamani, picha za watu tu. "Dada, hakuna jahazi, hakuna mlango, hakuna Mmasai," akaniambia. "Ukiona jahazi nakurejeshea nauli." Nikamchukua shangazi yangu wa Mwembetanga, kwanza kwa sababu anamjua kila mtu aliyezaliwa mjini hapa kabla yangu, na pili kwa sababu nyumbani kwake hajatundika picha ya mtu hata siku moja, nami nilitaka kusikia atasema nini.

Kufika huko lazima upite mtaa wa Gizenga, kwa hiyo ilibidi kwanza tuzipite picha zote nyingine. Zimetundikwa nje kuanzia asubuhi: twiga, tembo, ndege wenye madoa, Wamasai warefu wembamba wamejipanga na mikuki, jahazi na jua linazama. Sina ugomvi na picha za Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alikuwa mtu wa upande wa Tunduru aliyekwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, akaanza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 juu ya hadibodi kwa rangi zile zile za kung'aa zilizokuwa zikipakwa baiskeli. Aliuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972 walipomdhania mtu mwingine. Jamaa zake na wanafunzi wake waliendelea, na mkono ule umelisha familia nyingi, bara na visiwani. Mimi mwenyewe nimekula mshahara wa makopo ya robo lita waliyonunua.

Lakini tazama watu waliomo kwenye picha za mtaani. Mwanamke kavaa buibui, anaishia uchochoroni, kakupa mgongo. Wanawake watatu wana ndoo kichwani, wamekupa mgongo. Wavuvi ni vivuli vyeusi mbele ya jua. Mtoto anakimbia, yuko mbali. Ukihesabu macho kutoka kona ya Gizenga mpaka Hurumzi utapata ya chui na ya bundi kwa wingi, ya binadamu yanatafutwa. Nilimuuliza muuzaji mmoja kwa nini, akanijibu bila kufikiri: mgeni anataka kukumbuka mahali, hataki kwenda kulala na mtu asiyemjua ukutani. Jibu la biashara, na nadhani ni la kweli.

Nyuso zinazouzika ni mbili tatu, na zinachorwa kutoka picha zile zile. Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen, aliyezaliwa hapa mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, siku zote kanyanyua ngumi na masharubu yake. Bi Kidude, mwimbaji wetu wa taarabu aliyefariki Aprili 2013, siku zote na sigara na moshi. Nimeona Bi Kidude wengi mno wenye mikunjo iliyochorwa kwa rula, kwa sababu aliyechora amemtoa kwenye picha iliyotolewa kwenye picha, na kila mkono unaongeza mkunjo wake. Yule bibi alikuwa na uso wa kucheka. Kwenye kanvasi za mitaani amekuwa gogo.

Basi tukapanda. Ngazi za nyumba za kule ni adhabu kwa magoti ya mtu mzima, na shangazi alisimama kila zamu ya ngazi akasoma anachosoma. Juu ni chumba kirefu, kuta za chokaa nyeupe, dari ya boriti za mikoko, madirisha upande mmoja tu. Mwenye kupanga picha alijua kazi yake: hakuna picha iliyotazamana na dirisha. Hili watu wengi hawalijui. Rangi ya mafuta ikipigwa na mwanga wa mbele inang'aa ukaona dirisha badala ya picha. Ikipata mwanga wa ubavuni unaona hata brashi ilikopita.

Picha ya kwanza mkono wa kushoto ilikuwa ya mzee anayeuza kahawa, amekaa barzani na dele lake pembeni. Kanvasi kubwa, uso wenyewe karibu mara mbili ya uso wa mtu. Amevaa kofia ya viua, na nilianzia hapo kwa sababu kofia ndiyo inayomfedhehesha mchoraji. Kofia ya viua ya mkono ni vitobo vidogo vidogo vilivyozungushiwa uzi kimoja kimoja, kazi ya miezi. Mchoraji mvivu hutia vidoti vya kijivu akamaliza. Huyu hakutia vidoti. Upande wa kofia ulioko juani kila kitobo ni kivuli chembamba upande mmoja na weupe upande wa pili. Kadiri kofia inavyozunguka kuelekea kisogoni vitobo vinabanana, vinakuwa mistari, kisha vinapotea kabisa na kubaki rangi moja ya maziwa yaliyochacha. Nilisogea mpaka mlinzi akakohoa. Kwa karibu ni fujo ya rangi tu. Ukirudi hatua tatu unaweza kuihesabu nakshi.

Halafu ngozi. Hapa ndipo ninapoona duka letu linavyowaangusha watu. Mtu akitaka kuchora mtu mweusi akaja kununua kahawia ya kopo, na kivulini akaongeza nyeusi ya kopo, atapata mlango. Rangi nyeusi inaua ngozi, inaifanya ya majivu. Yule mzee hakuwa na nyeusi hata tone usoni. Vivuli vya shavuni vilikuwa kahawia ya udongo iliyochanganywa na buluu ya nili, paji la uso lilikuwa na buluu ya mbingu kabisa pale jasho lilipokamata mwanga, masikio yalikuwa mekundu kwa sababu jua lilikuwa nyuma yake na damu inaonekana. Na chini ya kidevu, mahali ambapo kila mmoja wetu angepaka giza, palikuwa na mwanga. Mwanga mwepesi, wa rangi ya malai. Nikajiuliza umetoka wapi, mpaka nikakumbuka anakaa wapi: barza imepakwa chokaa, ukuta wa mbele umepakwa chokaa, na jua la saa nne likipiga chini linarudi juu usoni. Mtu aliyekaa Mji Mkongwe huangaziwa kutoka chini. Hilo huwezi kulijua kwa picha ya simu, kwa sababu simu inalifuta. Unalijua kwa kukaa na mtu.

Na wengi wanachora kwa simu, tusidanganyane. Unawajua. Pua imekuwa pana na masikio yamerudi nyuma, kwa vile simu imeshikwa karibu mno na uso. Katikati ya jicho kuna nukta moja nyeupe kali ya taa. Kanga nyuma imechorwa kwa uangalifu sawa na macho, kwa sababu kwenye simu vyote viko sawa. Siwalaumu: mtu wa kumkalisha siku kadhaa hapatikani bure, na akriliki, rangi inayochanganywa na maji, kwa joto la kaskazi inakauka brashi ikiwa bado njiani, huna nafasi ya kuilainisha shavuni. Rangi ya mafuta inakupa muda, lakini yenyewe haikauki kwa kupoteza maji, inakauka kwa kushika hewa polepole, na wakati wa masika chumba kikiwa na unyevu unaweza kuacha picha wiki ukaikuta bado inanata na nyuma ya kitambaa imeota kuvu. Mchoraji wa uso visiwani ana ugomvi na hali ya hewa kabla hajagombana na mtu yeyote. Wengine hata kanvasi hawanunui. Huvuta kitambaa cha marekani kwenye fremu ya mbao, wakakipaka rangi yetu ya maji nyeupe mara mbili tatu, wakasugua na msasa. Kitambaa hicho kililetwa bandarini hapa na meli za Salem, Marekani, katika karne ya 19, enzi ambapo Wamarekani walifungua ubalozi wao mdogo Zanzibar, mwaka 1837, kwa ajili ya biashara. Sasa kinavalishwa nyuso.

Shangazi hakuwa na habari na chokaa wala nili. Alisimama mbele ya mzee wa kahawa, akavua miwani, akaivaa tena.

"Huyu si mtoto wa mwalimu wangu wa chuo cha Kurani?"

Nikamwambia sijui, Shangazi, hapa wameandika mzee mwenye kofia.

"Mzee mwenye kofia ndiyo jina la nani?"

Kikaratasi chini ya picha kilikuwa cha Kiingereza. Mzee mwenye kofia, akriliki na mafuta juu ya kanvasi, vipimo kwa sentimita, bei kwa dola. Shangazi akaanza kumtaja: jina, jina la baba, nyumba waliyokaa Kikwajuni kabla haijavunjwa, dada yake aliyeolewa Pemba, na ajali iliyompa lile kovu la nyusi ambalo mimi nilidhani ni ufundi wa mchoraji. Watu wawili waliokuwa karibu wakasogea. Mmoja akasema hapana, kovu ni la mpira, walicheza pamoja. Wakabishana. Ndani ya muda mfupi palikuwa na barza mbele ya picha, na kwa kweli ndiyo uhakiki bora niliousikia siku ile: kuwa mdomo kaupata, jicho la kulia kalipata, lakini kamfanya mpole, na yule mzee hajawahi kuwa mpole, muulize aliyemkopa kahawa.

Jina lake silitaji hapa, kwa kuwa sikumwomba ruhusa na blogu hii inasomwa na watu nisiowajua. Lakini mchoraji alimkalisha. Mchoraji alikuwa na nafasi ya kumuuliza.

Niliizunguka sakafu nzima nikisoma vikaratasi. Mwanamke wa mwani. Mvuvi. Msichana na kanga. Mama na karafuu. Hata mmoja hakuwa na jina, isipokuwa picha ambayo mchoraji kajichora mwenyewe kwenye kioo cha bodaboda, na hiyo imeandikwa jina lake kamili, mara mbili, pembeni na chini.

Hili limenikaa. Sisemi waliochora ni watu wabaya. Nadhani wamerithi desturi ya postikadi. Studio za hapa za zamani zilipiga picha za watu wa kisiwani zikaziuza kwa abiria wa meli, na nyuma hazikuandika fulani binti fulani, ziliandika mwanamke wa Kiswahili, mchukuzi, muuza maji. Wenye jina walikuwa waliolipa. Kwenye Makumbusho ya Kasri pale Forodhani, tulikopelekwa na skuli tukiwa wadogo, masultani walikuwa wametundikwa kwenye fremu zao nzito na kila mmoja alikuwa na jina na miaka yake. Walioshika taa wakati wanachorwa hawakuwamo.

Na kuna mtoto wa hapa aliyelifanyia kazi jambo hili kwa ukubwa. Mchoraji Lubaina Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954, akachukuliwa Uingereza akiwa mchanga baada ya baba yake kufariki, na mwaka 2017 akapata tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza. Kazi yake moja ya 2004 ni watu 100 wa kimo kamili, wamekatwa kwenye mbao na kupakwa rangi, Waafrika waliotumikishwa kwenye majumba ya wakubwa wa Ulaya, wapiga ngoma, washona viatu, walinda mbwa. Kila mmoja mgongoni ana karatasi ya hesabu, na humo imeandikwa jina lake la kwao, jina alilopachikwa, kazi aliyoijua na kazi anayofanyishwa. Wale si watu halisi. Ilibidi awatungie majina, kwa kuwa waliowamiliki hawakujali kuyaandika. Wetu wapo hai, wanauza kahawa, na majina yao tunayo.

Nirudi kwenye picha, kwa sababu zipo nzuri na nisije nikaonekana nilikwenda kulalamika.

Mwanamke wa mwani sikumpenda sana. Mwanga mzuri, bahari ya Paje imetulia kama inavyotulia maji yakitoka, lakini mchoraji kamfanya shujaa: kidevu juu, upepo kwenye mtandio. Kilimo cha mwani kimefanywa na wanawake wa mashamba ya mashariki tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na kinafanywa kwa kuinama. Ungewauliza wao, wangekwambia mgongo. Ila mikono! Mikono aliichora mtu mwingine, nilifikiri, mpaka nikaambiwa ni yeye yule. Vidole vimekunjamana kwa maji ya chumvi, kucha zina hina iliyobaki nusu, na kwenye kidole cha shahada kuna mfereji mdogo uliochimbwa na kamba. Nikamtaka akate kanvasi abakishe mikono.

Mama na karafuu ni wa yule kijana wa Wete, na ni mama yake mzazi. Amekaa chini anachambua, ungo mapajani, karafuu huku, makonyo kule. Nimeitazama kwa jicho la duka. Mtu akisema karafuu unafikiria kahawia, lakini karafuu inayoanikwa haina rangi moja. Zilizovunwa leo ni kijani zenye vichwa vya waridi. Za jana zimeanza kuiva rangi kama ya matofali. Za siku za nyuma ni kahawia, na ncha zake nyeusi. Kwenye jamvi nyuma ya mama yake zimo zote, zimepakana, na hakuna mstari mahali moja inapoishia na nyingine inapoanza. Uso wa mama umeinama, hatutazami. Kanga yake imekunjika kifuani, maandishi yamekatika katikati, na herufi zilizobaki hazitoshi kujua jina la kanga. Nikamuuliza ilikuwa inasemaje. Akacheka, akasema mama ndiye aliyeikunja hivyo kwa makusudi, hakutaka majirani wasome akadhaniwa anamrushia mtu maneno mpaka kwenye picha.

Mama huyu ndiye pekee ambaye mchoraji wake alijua jina lake kuliko mtu yeyote. Kikaratasi: mama na karafuu. Nikamwambia. Akanyamaza, halafu akasema aliyeandaa maonesho ndiye aliyeshauri, kwamba jina la mtu linamfunga mnunuzi, akiona jina anahisi ananunua mama wa watu. Nikamwambia lakini ndicho anachonunua.

Shangazi wakati wote huo alikuwa amekaa kwenye kiti cha mlinzi, kapewa maji. Nilimuuliza nilichomletea. Nyumbani kwake ukutani kuna Ayatul Kursiy, kuna picha ya Al-Kaaba, na saa. Picha za watu ziko kabatini, kwenye albamu, na marehemu bibi yangu yumo: amepigwa studio akiwa msichana, kasimama wima, mkono juu ya kiti, nyuma yake pazia lililochorwa ngazi na maua ambayo hayajawahi kuota Zanzibar. Miaka ile watu wa kawaida walijifunga kibwebwe wakaenda kupigwa picha. Capital Art Studio iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 bado iko mtaa wa Kenyatta, na ukutani utaona harusi na mitaa ya enzi hizo. Kwa hiyo si kwamba watu wetu hawakutaka sura zao zibaki. Walizitaka, wakazifungia kabatini.

Wote tumefundishwa chuoni kwamba malaika hawaingii nyumba yenye picha. Wanavyuoni wamelizungumza kwa marefu: wapo wanaokataza kila chenye roho, wapo wanaotenganisha sanamu yenye kivuli na kilicho bapa, wapo wanaotazama picha imewekwa kwa heshima au la. Mafundi wetu wa milango walichonga maua, minyororo na aya, uso hawakuchonga. Shangazi alisema yeye hatoi fatwa, ana mwalimu wake na atamuuliza. Kisha akaongeza, na hili lilinichekesha, kwamba kila ofisi aliyoingia kufuatilia mafao yake imetundika sura za wakubwa juu ya kichwa cha karani, na hajamsikia mtu akiuliza malaika wanaingiaje kumhudumia.

Kwa upande wangu nadhani dini si sababu kubwa ya kukosekana nyuso ukutani kwetu. Pesa ndiyo sababu. Mzee wa kahawa alikuwa na bei ya dola 400. Nani wa Kikwajuni atamnunua? Atanunuliwa na mtu wa hoteli, atatundikwa kwenye korido ya kwenda bwawani, na wajukuu zake watamwona wakibahatika kuajiriwa pale. Sina dawa ya hilo. Nina ombi dogo tu kwa wachoraji, na ni la mtu anayewauzia rangi: kabla hazijaenda hotelini, zitundikeni Ng'ambo. Ukumbi wa skuli, jengo lolote la Michenzani, baada ya magharibi watu wametoka kazini. Maonesho haya yanafungwa saa kumi na moja, saa ambayo nusu ya waliochorwa bado wako kazini kwao. Na vikaratasi viandikwe kwa lugha ambayo mwenye uso ataisoma.

Kuna mchoraji mwingine nilimpenda ambaye sijamtaja, mtu mzima aliyeanzia kwenye mabango ya vinyozi. Tunayajua yale mabango: vichwa sita vimepangwa, kila kimoja na mtindo wake wa nywele, wote wanatazama kushoto. Yeye kaleta picha moja tu, ndogo kuliko zote, kinyozi mwenyewe akiwa amekaa kwenye kiti cha wateja na taulo shingoni, hakuna mteja. Uso umechoka. Nywele zimechorwa vizuri kupita kiasi, mazoea, lakini uso umechoka kweli. Haikuwa na bei. Akasema kinyozi amemwahidi ataichukua kwa kunyolewa bure, na bado wanabishana ni miaka mingapi.

Tulipokuwa tunashuka, kijana wa Wete akatukimbilia ngazini. Alikuwa amemtazama shangazi muda wote alipokuwa kwenye kile kiti, dirisha likiwa ubavuni kwake, na alitaka kumchora. Alimwomba kwa adabu, kashika ukuta, macho chini. Shangazi hakusema ndiyo. Alisema kwanza ataulizia kwa mwalimu wake. Akikubaliwa, jina lake liandikwe, na la baba yake, kwa Kiswahili. Mtandio usichezewe. Picha isitundikwe chumba wanachosali watu. Na yeye haendi kokote, magoti hayamruhusu, kijana ndiye atakayekwenda Mwembetanga na vikorokoro vyake.

"Sawa, Bibi," kijana akasema, "yote sawa."

"Bado," shangazi akamwambia. "Wewe utaiuza dola ngapi?"

Akamtajia.

"Na mie nimekaa siku zote hizo nimenyamaza. Changu kiasi gani?"

Kijana akanigeukia mimi, kana kwamba bei hiyo nayo iko dukani kwetu. Nilikuwa nimeshafika mlangoni. Mpaka naandika haya, ameshakwenda Mwembetanga, kapewa chai na mkate wa kumimina, na bado hawajaafikiana.